Bendeji ya Pambano la Sita

9 Machi

Kwa mpwa wangu, mwandishi wa michezo,

Salamu kwako na kwa mama yako. Sisi huku wazima. Mke wangu amepona kikohozi ila sauti bado haijarudi, na kwa mara ya kwanza katika miaka thelathini ya ndoa mimi ndiye ninayesikika humu ndani. Hotelini wametuletea pasi mpya ya mvuke. Unaingiza shuka upande huu, linatokea upande wa pili limenyooka. Nimekabidhiwa mimi kwa kuwa ndiye mkongwe wa chumba cha kufulia. Mwambie mama yako dawa ya goti aliyonielekeza imenisaidia.

Hizo ndizo salamu. Sasa tuongee.

Wageni wakimaliza kusoma gazeti lenu huliacha kitandani, nalo hushuka kwetu pamoja na mashuka machafu. Ndivyo nilivyokutana na habari zangu, katikati ya foronya. "Mabingwa Waliopanda Kuliko Uwezo Wao." Nikasema hebu nimwone huyo aliyeandika. Kumbe damu yangu mwenyewe.

Umesema tulikuwa watatu. Upepo alikuwa na miguu tu. Ukuta alikuwa na kidevu tu, anapigwa mpaka mpigaji anachoka. Na Kushoto, yaani mimi, mjomba wako niliyekubeba mgongoni, nilikuwa na ngumi moja. Umeandika: "Mwondolee konde lake la kushoto, anabaki bondia wa kawaida ambaye asingevuka hata mchujo." Nilisoma mara tatu. Nikiwa kwenye ya nne, pasi ya mkono ikaunguza kola ya shati la mgeni, na msimamizi, kijana niliyemfundisha kukunja taulo, akanipa onyo la maandishi.

Nikuulize, mwanangu. Unamwondoleaje mtu konde lake? Mwimbaji ukimwondolea sauti unabaki na nani, mtu anayefungua na kufumba mdomo? Miaka minne nilishika mkanda. Mabondia tisa walikuja kuuchukua wakarudi mikono mitupu. Wote walijua kinachowangoja! Makocha wao waliwahubiria miezi mitatu: mkimbie upande wa kushoto, inua mkono wa kulia, linda shavu. Wakaja, wakakimbia, wakainua, wakalinda, wakalala chini. Mtu anajua ngumi itatokea wapi na bado inampata. Hapo mwenye upungufu ni mimi au yeye?

Halafu unadhani ngumi moja ni ngumi moja. Nyuma yake kuna miguu iliyosogea nusu hatua bila wewe kuona. Kuna raundi tano za kula makonde ya mwenzako huku unasubiri ashushe kiwiko upana wa vidole viwili. Hayo hayakuonekana kwako kwa kuwa hayapigi kelele.

Nasikia makala hayo yanakuwa kitabu. Sura yangu uiondoe, au uiandike upya kwa adabu. Nimeandika barua badala ya kupiga simu kwa sababu kwenye simu ungenikatiza, na mimi nikikatizwa hutukana.

Mjomba wako, ambaye hakupanda kuliko chochote,
Kushoto


2 Aprili

Mjomba, shikamoo.

Barua yako imefika, imekaa mezani siku mbili nikiizunguka kabla ya kuijibu. Sisi hatujambo. Mama anasema mkaza mjomba apewe maji ya uvuguvugu, sauti yake irudi haraka, maana nyumba hiyo haiwezi kuachwa mikononi mwako. Ofisi yetu imehamishiwa ghorofa ya saba na lifti haifanyi kazi, kwa hiyo waandishi wa michezo sasa ndio wenye mazoezi kuliko wachezaji.

Pole kwa onyo la kola. Pole kwa hasira pia, lakini sitaomba radhi kwa nilichoandika. Kwanza, kusema mtu alifika juu kuliko uwezo wake si tusi. Mimi naona ni sifa. Wapo waliojaliwa kila kitu wakaishia mapambano ya utangulizi.

Pili, sikukisia. Nilikaa miezi miwili kwenye chumba cha kanda za zamani, feni haizunguki, nikatazama mapambano yako yote ishirini na mawili. Nilihesabu ngumi. Katika yale matano ya mwanzo ulikuwa na mikono miwili, mjomba, na wa kulia ulikuwa mzuri hata kuliko wa kushoto. Pambano la sita ulitumia kulia mpaka raundi ya pili. Kuanzia la saba hadi la mwisho, mkono wa kulia umerushwa mara kumi na moja tu, na hata mara moja haukufika. Yule bondia wa mikono miwili alikwenda wapi? Nimejiuliza nikapata jibu moja: ulipogundua kushoto kunaangusha watu, ukaacha kujifunza mengine. Kama kuna jibu jingine, nipe. Unanijua, sibadilishi sentensi bila ushahidi, na mama anajua hivyo kuliko wewe. Kitabu kinakwenda kwa mpiga chapa Agosti.

Wala usidhani huna wakili hapa. Tangu makala itoke, mama ananipa chai isiyo na sukari kisha anasema eti amesahau. Na ametoa picha kwenye fremu yake ya sebuleni, ile anayokufunga bendeji akiwa na sare ya chuo cha uuguzi. Anataka iwekwe kwenye sura yako, ukurasa mzima. Nyuma yake ameandika kwa mkono: pambano la sita.

Mpwa wako


20 Aprili

Marahaba.

Huku salama. Mke wangu sauti imerudi na amerudi madarakani.

Ati sifa! Nenda kamwambie mama yako kwamba alikuwa nesi mzuri kuliko akili zake, halafu umwambie hiyo ni sifa, uone kama utapata hata hiyo chai chungu.

Umegeuka karani wa ngumi. Kumi na moja, ishirini na mbili, yaani mtu anakatwa jicho anashonwa bila ganzi, wewe unaweka vijistari kwenye daftari! Eti niliacha kujifunza. Nilikuwa nakimbia kilomita kumi na mbili kabla jua halijawaka, ndipo niende kupakia simenti. Upepo unamjua wewe? Yule "miguu tu" alikuwa anaruka kamba mpaka soli ya kiatu inatoboka. Ukuta alivunjwa taya akamaliza raundi nne hakumwambia hata kocha. Ninyi mnakaa kwenye feni mbovu mnasema huyu alibahatika.

Mkono wa kulia niliuweka kidevuni kwa sababu kidevu kilikuwa changu. Usiniulize tena.

Na hiyo picha ya nini? Iko ile nzuri ya mkanda begani, mimi na mama yako tunacheka. Weka hiyo. Ya bendeji haina maana, watu hawataki kuona vitambaa.

Mjomba wako


28 Mei

Mjomba, shikamoo.

Sisi wazima. Mama amealikwa kwenye mahafali ya chuo chake cha zamani kuzungumza na wauguzi wapya. Anajua la kuwaambia, na wewe pia unalijua: namna alivyomfunga bingwa mikono.

Picha ya mkanda ameikataa katakata. Anasema kwenye hiyo amefumba macho. Mimi naona sababu ni nyingine, kwenye ya bendeji yuko kazini.

Umesema nisiulize, lakini kazi yangu ni kuulizauliza, na nimekumbuka jambo. Tangu nikiwa mdogo, ukinisalimia hunipa kifundo cha mkono badala ya kiganja. Nilidhani ni sabuni ya kufulia. Halafu pasi unaishika kwa kushoto, wakati kalamu na kijiko unashika kwa kulia. Na barua zako, mjomba, kila baada ya mistari minne mwandiko unalegea, kisha unakaza tena, kama mtu aliyeweka kalamu chini akakunjua vidole.

Kama nimeandika uongo, nisaidie nisiuchapishe. Nisipopata neno, sura inakwenda ilivyo.

Mpwa wako


17 Juni

Mpwa wangu,

Barua hii nimeituma ofisini kwako makusudi. Isome ukiwa umekaa, na usiende nayo nyumbani. Salamu ni zilezile.

Umenichimba mpaka umegonga jiwe. Haya.

Pambano la sita, mzee aliyekuwa akitufunga mikono hakutokea, alikuwa amefiwa. Kocha alikuwa nje anagombana na waandaaji kuhusu mizani. Mama yako alikuwa mwaka wa pili chuoni, ametoka zamu moja kwa moja kuja kunitazama, sare bado iko mwilini. Akanikuta nimekaa na bendeji mkononi sina wa kunifunga. Akasema, "Kaka, lete mkono. Bendeji ndiyo kazi yangu."

Na kweli ilikuwa kazi yake. Sijawahi kufungwa kwa unadhifu ule, kila mzunguko umelala juu ya mwenzake sawasawa, mpaka mpiga picha wa gazeti akapita akasimama kupiga. Ila alinifunga kama mgonjwa. Alifunga mkono ili upone, hakufunga ili upige. Bendeji ya bondia hujazwa juu ya vifundo vya vidole, tabaka baada ya tabaka, na yeye hapo ndipo alipopaacha wazi ili damu itembee, kama walivyofundishwa wodini.

Niliona. Nilikuwa nimeshapigana mara tano, sikuwa mgeni. Ningesema fungua tuanze upya. Lakini alikuwa amepiga magoti sakafuni anatabasamu, kamera imemwelekea, na ilikuwa mara ya kwanza mtu kumpiga picha akifanya kazi yake. Nikasema, "Imekaa vizuri, mdogo wangu."

Raundi ya pili nikarusha kulia, ikatua juu ya paji la uso la yule bwana. Nilisikia mifupa yangu kabla ya kusikia maumivu. Raundi ya nne nikamlaza kwa kushoto. Mama yako akapanda ulingoni akaning'inia shingoni, anapiga kelele, "Umeona bendeji yangu!" Nikamwambia nimeona.

Asubuhi nilipanda gari hadi mji wa pili, nikamwambia daktari nimeanguka kutoka kwenye lori. Mifupa mitatu ya kiganja. Ikaunga vibaya kwa sababu nilirudi ulingoni mapema. Kocha alijua. Alimwita mama yako, akamfundisha kufunga kwa namna ya mabondia, akamwambia tu kwamba hii ndiyo ya kwetu, na akafa na siri hiyo. Mama yako alipoona kifundo changu kimoja kimezama, nikamwambia niligonga begi vibaya mazoezini. Akanisema kwa uzembe. Tangu hapo mkono wa kulia ulikaa kidevuni kama askari wa sanamu. Nikiurusha, narusha ili wadhani upo.

Sasa, wewe mwenye kalamu! Umesema nilifika kwa sababu ya kitu kimoja. Nilikuwa nacho kimoja! Wenzangu walipanda ulingoni na viwili, mimi na kimoja, na wewe unachukua mizani yako unasema nilipita uwezo wangu. Uwezo wangu uliupimia wapi? Ningekuwa na mikono miwili ungeandika nini, kwamba nilidhulumu watu? Miezi mitatu hii nakunja mashuka nakujibu kimoyomoyo mpaka wenzangu wananiuliza naongea na nani. Nina hasira na wewe, nina hasira zaidi kwamba uko karibu na ukweli na umeusoma kinyume, na nina hasira na mimi niliyesema imekaa vizuri.

Lakini mama yako amefanya unesi miaka thelathini na nne. Kila mgonjwa aliyelia mbele yake alimwambia, tulia, mikono hii imemfunga bingwa. Ukimwambia, au ukiandika, usinihesabu tena kuwa mjomba wako.

Kushoto


24 Julai

Mjomba, shikamoo sana.

Nisamehe kuchelewa. Nilitumwa kuandika mashindano ya riadha, na mhudumu wa mapokezi akakaa na barua yako wiki nne chini kwenye droo, hataki kupanda ghorofa saba. Nimeisoma leo nikiwa nimesimama kwenye ngazi, nikakaa hapohapo. Watu walikuwa wananiruka.

Nimeitazama picha kwa kioo cha kukuzia. Vifundo vinne viko wazi, vinaonekana kabisa. Mama anatabasamu. Wewe unamtazama yeye, hutazami mkono. Picha hiyo imening'inia mbele yangu tangu nizaliwe.

Mjomba, najionea aibu. Nilihesabu kila ngumi, sikukuuliza wewe kabla ya kuandika. Sasa naweza kufanya mambo mawili: niiondoe sura nzima, au niandike kwamba uliumia mazoezini, kama ulivyomwambia mama, kisha nifute ile habari ya kupanda kuliko uwezo. Mpiga chapa anasubiri hadi tarehe kumi Agosti. Sema neno, haraka.

Mpwa wako


2 Agosti

Mpwa,

Nimelipa ziada ili ifike upesi, kwa hiyo nasema kwa kifupi.

Usiondoe. Ukiondoa sura, na picha imeondoka, na mama yako ameshawaambia mtaa mzima.

Mazoezini usiandike. Atauliza umejuaje. Atauliza lini. Yule ni nesi, atakaa na tarehe, atakaa na picha, na siku moja ataiangalia kama ulivyoiangalia wewe. Hujawahi kubadilisha sentensi bila ushahidi, umeniambia mwenyewe. Ukibadilisha hii, ataudai huo ushahidi.

Acha ilivyo. Usiguse hata nukta. Niache niwe bondia wa ngumi moja aliyebahatika, vitabu vyenu watu husoma mara moja wakavitia kabatini. Ila ujue, wewe peke yako ujue, kwamba uliandika upuuzi.

Picha weka ukurasa mzima.

Mjomba wako


15 Novemba

Mjomba, shikamoo.

Natumaini wewe na mkaza mjomba hamjambo, na msimamizi wako ameacha kukuandikia maonyo. Nakala yako ya kitabu inakuja kwa mfuko wa posta. Uko ukurasa wa sitini na mbili, picha imechapwa vizuri. Sikugusa nukta.

Mama amekiweka mezani sebuleni, kimefunguliwa hapohapo, juu yake ameweka miwani ili kisijifunge. Fremu ukutani iko tupu na amekataa irudishwe picha, anasema ya kitabuni inatosha. Jumapili walikuja fundi cherehani wa jirani na mkewe. Akawaonyesha. Akawaeleza alivyopiga magoti, kamera ilivyokuja, na wewe ulivyomwambia imekaa vizuri. Maneno yaleyale, mjomba, anayakumbuka vilevile.

Kisha fundi akasoma kidogo pembeni ya picha, akauliza, "Lakini mwanao hapa anasema mkono wa kulia haukuwa na kitu?"

Mama akanigeukia. Sijamwona hivyo tangu nilipovunja kipimajoto chake. "Muulize yeye! Eti kahesabu. Anakaa nyumba moja na mimi, hakuniuliza mimi niliyekuwepo! Kaka yangu alikuwa na mikono miwili mizima. Mapambano kumi na saba nimeifunga, mimi, kwa mikono hii, na hakuwahi kuvunjika hata kidole!"

Fundi na mkewe wakanitazama kama mtu aliyeiba kwao. Damu ilinichemka mpaka masikioni. Miaka kumi na miwili ya kazi sijawahi kukubali kuitwa mwongo mbele ya watu, na barua yako ya Juni naijua kwa moyo. Nikafungua mdomo.

Nikasema, "Nisamehe, mama. Ni kweli, sikuuliza."

Akanyanyua miwani, akaifuta, akairudisha juu ya ukurasa. Kisha akatuletea chai. Ya wageni ilikuwa na sukari. Yangu haikuwa nayo, nimeinywa yote.

Mpwa wako